Bismack Biyombo: mlinzi kutoka Lubumbashi asiyetajwa kwenye matokeo

Katika taarifa za michezo, matokeo ya ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, tunayasoma kwa mtindo uleule kila siku: timu fulani imeshinda kwa pointi kadhaa, fulani amefunga 40. Muda wa redio ni mfupi, hauruhusu zaidi ya hapo. Ndiyo maana wapo wachezaji ambao msikilizaji anaweza kuifuatilia ligi kwa miaka 10 asiwasikie wakitajwa. Mmoja wao ni Bismack Biyombo, Mkongo aliyezaliwa Agosti 1992 Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na nyumbani.

Biyombo aliingia NBA mwaka 2011. Mwaka 2025, akiwa na miaka 32, bado alikuwa uwanjani. Katika miaka yote hiyo hakuna msimu hata mmoja aliofikisha wastani wa pointi 10 kwa mechi. Mtu anayehesabu vikapu tu atauliza: sasa huyu analipwa kwa kazi gani? Swali hilo linastahili jibu la kina.

Biyombo ni senta, yaani yule mchezaji mkubwa anayekaa karibu na goli. Ana urefu wa takriban mita 2.03, kimo ambacho kwa masenta wa NBA ni cha chini. Kinachomwokoa ni mikono: akiinyoosha pande mbili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha nyingine ni takriban mita 2.3. Kazi yake ya kwanza ni kulinda eneo la chini ya kikapu. Mpinzani akimpita mlinzi wa mbele na kuingia ndani, senta lazima amwache mtu wake na kwenda kuziba pengo. Akiwahi mno, mpira unapasiwa kwa yule aliyeachwa. Akichelewa, kikapu. Wala haruhusiwi kusimama tu pale kama mlinzi wa geti, kwa sababu sheria ya NBA inakataza mlinzi kukaa katika eneo hilo zaidi ya sekunde 3 bila kuwa na mtu anayemkaba.

Kuzuia mtupo nako kuna masharti. Mpira unaopanda unaweza kuupiga, lakini ukishaanza kushuka kuelekea kwenye ringi ukaugusa, wapinzani wanahesabiwa kikapu. Mlinzi basi ana kitambo kidogo sana cha kuamua aruke au asiruke. Na mara nyingi faida yake haionekani popote: mpinzani anamwona Biyombo amesimama, anasita, anaurudisha mpira nje. Tukio hilo haliandikwi kwenye takwimu yoyote.

Kinachoandikwa ni ribaundi, yaani kuudaka mpira uliokosa kikapu. Bila ribaundi ulinzi haujakamilika, maana wapinzani wataudaka wao na kujaribu tena. Hapo ndipo jina lake lilipovuma, kwa kipindi kifupi.

Lakini kabla ya kufika huko alipitia njia ndefu. Aliondoka Kongo akiwa kijana, akacheza Yemen, na kwenye mashindano nchini Jordan akaonwa na kocha Mreno, Mário Palma, aliyemfungulia njia ya Hispania, katika klabu ya Fuenlabrada karibu na Madrid. Aprili 2011, mjini Portland, aliitwa katika timu ya vijana wa dunia kucheza na vijana wa Marekani. Alifunga pointi 12, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Hakuna aliyewahi kufikisha tarakimu mbili katika maeneo matatu kwenye mechi hiyo. Miezi michache baadaye, akiwa na miaka 18, alichaguliwa wa 7 katika uteuzi wa wachezaji wapya na kupelekwa Charlotte.

Charlotte hapakuwa mahali pa kujifunzia kwa raha. Msimu wake wa kwanza timu ilishinda mechi 7 na kupoteza 59, kiwango kibaya kuliko vyote katika historia ya ligi. Yeye mwenyewe alikuwa na kasoro zilizo wazi: mikono iliyoponyoka pasi, na mitupo huru iliyoingia zaidi kidogo ya nusu. Mwaka 2015 klabu ikamwachia aondoke.

Toronto wakamchukua kama mchezaji wa akiba kwa takriban dola milioni 2.8 kwa mwaka, fedha ndogo kwa ligi ile. Alicheza mechi zote 82 za msimu. Kisha Mei 2016, kwenye hatua ya mtoano dhidi ya Miami, senta wao Jonas Valančiūnas aliumia kifundo cha mguu, na Biyombo akatoka benchi kujaza nafasi. Mechi ya 7, iliyoamua nani aendelee, alimaliza na pointi 17 na ribaundi 16. Kwa mara ya kwanza Toronto wakaingia fainali ya kanda ya Mashariki, kukutana na Cleveland ya LeBron James.

Cleveland walikuwa wameshinda mechi 10 mfululizo za mtoano. Mechi ya 3, tarehe 21 Mei, Toronto waliwafunga 99 kwa 84. Biyombo alikuwa na pointi 7 tu, lakini alidaka ribaundi 26 na kuzuia mitupo 4. Kwa senta, ribaundi 10 kwa mechi ni kazi nzuri. Hizo 26 zilikuwa rekodi ya klabu kwa mechi za mtoano. Tukizitangaza pointi 7 peke yake, tunakuwa tumemficha mtu aliyeamua mechi. Cleveland walipita hatimaye kwa mechi 4 kwa 2, wakaenda kutwaa ubingwa.

Miezi miwili baadaye Orlando walimpa mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 72. Hapa ndipo sifa yake ilipoharibiwa, na kwa maoni yetu bila haki. Orlando walikuwa tayari na Nikola Vučević na Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville. Watu wakubwa watatu wakagombea eneo moja, timu ikashindwa kuingia mtoano, na Biyombo akawa mfano wa fedha zilizopotea. Alikuwa mchezaji yuleyule. Kilichobadilika ni bei, na ukilipwa bei ya mfungaji, watu wanakudai vikapu.

Agosti 2021 baba yake, François, alifariki dunia. Biyombo akajiweka kando na kikapu. Alirudi Januari 2022, Phoenix walipohitaji senta, kwa mkataba wa siku 10. Huu ni kibarua hasa: siku zikiisha, klabu ina hiari ya kukuongeza au kuachana nawe. Walimbakiza hadi mwisho wa msimu, ambao Phoenix walishinda mechi 64, nyingi kuliko timu nyingine yoyote. Mshahara wake wote wa msimu huo aliutoa kwa ujenzi wa hospitali nchini Kongo kwa kumbukumbu ya baba yake. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoanza, alikuwa ameshatuma Kongo vifaa vya kujikinga vyenye thamani ya dola milioni 1.

Baada ya Phoenix alipita Memphis na Oklahoma City. Februari 2025 akasaini tena mkataba wa siku 10, safari hii San Antonio. Mwezi huohuo nyota wa timu hiyo, Mfaransa Victor Wembanyama, ambaye baba yake ana asili ya Kongo, alikutwa na donge la damu kwenye bega na msimu wake ukaishia hapo. San Antonio wakambakiza Biyombo hadi mwisho wa msimu na kumpanga katika kikosi cha kwanza, akilinda goli mahali pa kijana anayemzidi urefu kwa takriban sentimita 20.