Lisemwalo Lipo? Isaac Le Maire, Uuzaji Mtupu wa Hisa na Siri za Kampuni (1602-1623)

1. Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo historia ya biashara hukutana nayo mara kwa mara ni hili: bei ya kitu inaposhuka, mwenye lawama ni nani? Je, ni yule aliyetangaza kwamba kitu hicho kina kasoro, au ni yule aliyeificha kasoro hiyo? Katika masoko ya hisa swali hili ni la kale kuliko watu wengi wanavyodhani. Lilizuka Amsterdam, nchini Uholanzi, mwaka 1609, wakati ambapo soko lenyewe la hisa lilikuwa halijatimiza miaka 10.

Makala haya yanakusudia kulichunguza tukio hilo. Tutaeleza kwanza jinsi kampuni iliyohusika ilivyoundwa na jinsi hisa zake zilivyouzwa. Kisha tutamtazama mfanyabiashara Isaac Le Maire, aliyeuza hisa asizokuwa nazo. Hatimaye tutapima katazo la mwaka 1610 na matokeo yake. Hoja yetu ni kwamba sheria ile ilimfunga muuzaji mikono, lakini haikukifungua kitabu cha kampuni. Kwa sababu hiyo ilitibu dalili, ikauacha ugonjwa.

2. Kampuni na kitabu chake

Tarehe 20 Machi 1602, Bunge Kuu la Uholanzi liliipa Kampuni ya Muungano ya India ya Mashariki, ambayo Waholanzi huiita kwa kifupi VOC, haki ya pekee ya kufanya biashara mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema. Hati hiyo ilikuwa ya miaka 21. Kila mkazi wa nchi aliruhusiwa kuandikisha fedha zake hadi mwisho wa Agosti mwaka huo. Mtaji uliopatikana ulikuwa takriban gilda milioni 6.4, na zaidi ya nusu yake ilitoka Amsterdam peke yake. Katika mji huo waliojiandikisha walizidi 1,100: matajiri wakubwa, wafanyabiashara wa kati, hata mtumishi wa nyumbani wa mkurugenzi mmoja, aliyeweka gilda 100.

Jambo jipya halikuwa ukubwa wa mtaji tu. Hapo awali, wafanyabiashara waliochanga fedha kwa ajili ya safari moja waligawana mali safari ilipokwisha. Katika kampuni hii fedha zilikaa ndani miaka mingi. Aliyezihitaji hakuweza kuidai kampuni; ilimpasa kutafuta mtu wa kuinunua sehemu yake. Kwa hiyo kitabu cha mwaka 1602 kiliweka utaratibu: muuzaji na mnunuzi wafike mbele ya karani wa kampuni, na karani, kwa idhini ya wakurugenzi wawili, ahamishe hisa kutoka jina moja hadi jingine. Kutokana na kifungu hicho kifupi lilizaliwa soko.

Lakini kitabu kile kilionyesha nani anamiliki nini. Hakikuonyesha kampuni ina hali gani. Hesabu hazikutangazwa, na wanahisa wa kawaida hawakuwa na kauli katika uteuzi wa wakurugenzi. Merikebu zilichukua muda wa miaka miwili hivi kwenda Asia na kurudi. Katika kipindi hicho chote, mwenye hisa Amsterdam aliishi kwa tetesi za bandarini na barua zilizopitia mikono ya wakurugenzi.

Tena, fedha za wanahisa hazikununua pilipili na karafuu peke yake. Kampuni ilikuwa na mamlaka ya kupigana vita dhidi ya Wareno, na vita hivyo vilifika hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1607 merikebu zake, chini ya Paulus van Caerden, ziliizingira ngome ya Wareno katika Kisiwa cha Msumbiji, zikashindwa. Mwaka 1608 Pieter Verhoeff alijaribu tena, naye akashindwa. Mwenye hisa alikuwa na haki ya kuuliza: baruti hii, mabaharia hawa waliokufa na merikebu hizi zilizochakaa, gharama yake ni kiasi gani? Hapakuwa na mlango wa kupelekea swali hilo.

3. Isaac Le Maire na uuzaji mtupu

Isaac Le Maire alizaliwa Tournai, katika Ubelgiji ya leo, akafanya biashara Antwerp kabla ya kuhamia Uholanzi. Mwaka 1602 aliandikisha gilda 85,000, akawa mmoja wa wakurugenzi. Haukupita muda mrefu akagombana na wenzake kuhusu hesabu za safari moja ya kabla, na mwaka 1605 alitoka katika uongozi, akifungwa na ahadi ya kutoshindana na kampuni. Alitoka akiwa na mambo mawili ambayo mtu wa nje hakuwa nayo: ujuzi wa mambo ya ndani, na kinyongo.

Mwezi wa Januari 1609 alimwandikia Johan van Oldenbarnevelt, mwanasiasa mkubwa wa nchi, waraka wa kuilaumu kampuni. Alidai kwamba inashika eneo kubwa mno la biashara bila kulitumia, na kwamba wenye mali wananyimwa haki zao. Mwaka uo huo alijadiliana kwa siri na wajumbe wa mfalme Henri IV wa Ufaransa kuhusu kuanzisha kampuni ya Kifaransa ya kushindana nayo. Na mwaka uo huo, pamoja na wenzake wachache, aliunda chama cha siri kwa lengo moja: kuuza hisa za VOC ambazo hawakuwa nazo.

Yafaa tueleze ufundi wa jambo hili, kwani Kiswahili chetu hakijalipatia jina lililokubalika na wote. Waholanzi walisema kuuza *in blanco*, yaani kwa karatasi tupu, pasipo kitu nyuma yake. Sisi hapa tutaliita uuzaji mtupu. Tuchukue mfano wa kubuni. Leo hisa inauzwa gilda 200. Juma, asiye na hisa yoyote, anamwahidi Petro kumkabidhi hisa moja baada ya mwaka kwa bei ya gilda 190. Mwaka ukiisha na bei sokoni ikiwa 150, Juma atanunua kwa 150, atamkabidhi Petro kwa 190, na atabaki na faida ya 40. Bei ikipanda hadi 250, hana budi kununua kwa 250 na kupokea 190. Hasara yake ni 60. Mnunuzi wa kawaida hawezi kupoteza zaidi ya alichotoa. Muuzaji wa namna hii hajui hasara yake itakomea wapi, kwa maana bei haina dari.

Ahadi za aina hii hazikuwa ngeni kwa Waholanzi. Nafaka ya Baltiki iliuzwa kabla ya kufika bandarini, na samaki waliuzwa kabla ya kuvuliwa. Tofauti ilikuwa hii: aliyeuza samaki wa kesho hakuwa na uwezo wa kuipunguza bahari. Lakini aliyeuza hisa ya kesho aliweza kueneza maneno ya kuipunguzia bei. Nao Le Maire na wenzake walishutumiwa kwa jambo hilo hasa, yaani kueneza habari mbaya juu ya kampuni huku wakizidisha mauzo. Methali yasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sokoni methali hiyo ina hatari yake: lisiloweko huja kwa sababu limesemwa.

4. Shauri mbele ya serikali

Bei ya hisa iliposhuka, wakurugenzi walipeleka malalamiko kwa watawala. Walisema kwamba hila za wauzaji zinaiharibia kampuni jina, zinawanufaisha maadui wa taifa, na zinawadhulumu wajane na mayatima walioweka akiba yao humo. Waliomba uuzaji mtupu upigwe marufuku.

Upande wa pili nao uliandika. Wafanyabiashara wa hisa walijibu kwamba bei imeshuka kwa sababu ya hali ya kampuni yenyewe, gharama zake na uongozi wake, wala si kwa sababu ya mikataba yao. Isitoshe, walisema, mtu huru ana haki ya kuuza kwa ahadi kama ilivyo desturi katika bidhaa nyingine.

Tukiyapima maneno ya pande zote mbili tunaona kwamba kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli. Wakurugenzi walikuwa sahihi kwamba Le Maire hakusukumwa na upendo wa haki. Alikuwa na kisasi, alikuwa na mpango wa kushindana na kampuni, na alitazamia faida kutokana na hofu ya wengine. Hata hivyo, wapinzani wao walikuwa sahihi kwamba uvumi haustawi penye nuru. Kampuni ingalitangaza hesabu zake, uongo ungaliweza kukanushwa kwa tarakimu. Wajane na mayatima waliotajwa kwa huruma nyingi katika malalamiko hawakuwahi kuonyeshwa hesabu hizo.

5. Katazo la 1610 na matokeo yake

Tarehe 27 Februari 1610 serikali iliwakubalia wakurugenzi. Ilikatazwa kuuza hisa ambazo muuzaji hakuwa nazo, na hisa zilizouzwa zilipaswa kuhamishwa kitabuni kabla ya mwezi mmoja kupita. Muda mfupi baadaye kampuni iligawa gawio lake la kwanza, nalo halikuwa fedha bali basibasi, lililokadiriwa kuwa asilimia 75 ya thamani ya awali ya hisa. Kwa mwenye duka la viungo hilo lilikuwa jambo jema. Kwa mtumishi mwenye gilda 100 lilikuwa tatizo la kumtafuta mnunuzi wakati ambapo kila mwanahisa anauza bidhaa ile ile.

Bei ilipopanda tena, chama cha siri kiliangamia. Baadhi ya wenzake Le Maire walifilisika, naye akahamia Egmond, mbali na soko. Hata hivyo hakukata tamaa. Merikebu moja kati ya alizozituma mwaka 1615, akiwamo mwanawe Jacob, ilipita mwaka 1616 kusini ya Rasi ya Hoorn, njia mpya ya kuingilia Bahari ya Pasifiki. Ilipofika Java, VOC iliitaifisha merikebu kwa madai ya kuvunja haki yake ya pekee, na Jacob alifariki akiwa njiani kurudi nyumbani. Isaac mwenyewe alifariki mwaka 1624, na kaburi lake lina maandishi yanayotaja hasara kubwa aliyoipata katika miaka 30 ya biashara.

Je, katazo lilifaulu? Kurudiwa kwake kunajibu. Lilitangazwa upya mwaka 1621 na mara kadhaa baadaye; sheria inayotiiwa haihitaji kutangazwa kila mara. Kwa kweli uuzaji mtupu uliendelea, ila uliondoka katika ulinzi wa mahakama. Mnunuzi aliyepata hasara aliweza kuukana mkataba, na hakimu asingemlazimisha. Basi wafanyabiashara walitegemea heshima na sifa njema kati yao. Joseph de la Vega, aliyeandika juu ya soko hilo mwaka 1688 katika kitabu chake *Confusión de confusiones*, aliikuta biashara hii ikiwa hai, pamoja na misemo yake na ujanja wake.

Swali la hesabu nalo halikuzikwa. Hati ya 1602 iliahidi hesabu ya jumla baada ya miaka 10. Mwaka 1612 ulifika, na wakurugenzi wakasamehewa wajibu huo. Ndipo ilipofika mwaka 1622 wanahisa wenyewe wakachapisha vijitabu vikali vya kudai hesabu. Hati ilipofanywa upya mwaka 1623, wanahisa wakubwa walipewa nafasi ndogo ya kukagua hesabu. Wanahisa wadogo walibaki nje ya mlango.

6. Kutoka Amsterdam hadi Kolwezi

Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu anaweza kuuliza jambo hili linamhusu vipi, naye ni mtu asiye na hisa. Linamhusu kwa sababu, kama mabaharia waliokufa mbele ya ngome ya Msumbiji, anaishi mahali habari inapozaliwa, wala si mahali inapouzwa. Makampuni mengi ya madini yanayochimba katika nchi yetu yameandikisha hisa zao katika masoko ya mbali, kama vile Toronto, London na Sydney. Shaba hupimwa Kolwezi. Bei ya hisa hupangwa na watu ambao hawajawahi kuiona Kolwezi. Kampuni ikiwa ndogo, yenye mgodi mmoja au kibali kimoja tu, tangazo moja laweza kuipandisha au kuiporomosha kwa siku moja.

Mfano mmoja unatosha. Katanga Mining, iliyokuwa na hisa zake katika soko la Toronto na kushirikiana na Gécamines katika machimbo ya Kolwezi, mwezi wa Novemba 2017 ilirekebisha hesabu za miaka iliyopita, na baadhi ya wakurugenzi wakajiuzulu. Mwezi wa Desemba 2018 kampuni pamoja na viongozi wake kadhaa wa zamani walifikia mapatano na mamlaka ya dhamana ya jimbo la Ontario, wakakubali kulipa zaidi ya dola milioni 36 za Kanada. Safari hii sheria ilimwelekea mwenye kitabu, si mwenye uvumi. Kati ya 1610 na 2018 ndipo ulipo umbali ambao sheria za masoko zimesafiri: kutoka kumnyamazisha anayesema, hadi kumdai anayejua aseme kweli.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba Isaac Le Maire hakuwa shujaa, wala hakuwa chanzo cha maradhi. Alikuwa mtu wa ndani aliyeuza alichokijua, pamoja na alichokizusha, kwa watu ambao hawakuwa na njia ya kuvitenganisha viwili hivyo. Mwongo anastahili adhabu, na nchi nyingi za leo humwadhibu. Lakini muuzaji mtupu anayesema kweli hawezi kuhesabiwa pamoja na mwongo kwa sababu tu maneno yake yameshusha bei.

Kuna kazi inayobaki kwa wanafunzi wa lugha pia. Hati za makampuni yachimbayo Katanga huandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na jirani ya mgodi huzungumza Kiswahili. Maneno kama hisa, gawio na mtaji tunayo tayari. Mengine bado yanatafutwa. Kuyapata, kuyafafanua na kuyafundisha ni sehemu ya kukifungua kile kitabu ambacho mtumishi wa Amsterdam, mwenye gilda zake 100, hakuonyeshwa kamwe.