Kwasa kwasa ilipofika New York, nani alitajwa?

Ninyi mliokuwa mkicheza muziki mwanzoni mwa miaka ya 1990 hamna haja ya kuelezwa kwasa kwasa ni kitu gani. Kiuno kinakwenda mbele na nyuma, mikono inakifuata, na gita la solo halipumui. Mtindo huo ulitoka Zaire ya wakati ule, Pepe Kalle na Kanda Bongo Man wakausambaza, nasi tukaupokea kwenye kumbi, kwenye harusi na hata kwenye viwanja vya shule.

Nani angedhani kwamba miaka karibu 20 baadaye jina la ngoma hiyo lingezusha ubishi huko Marekani, tena kwa sababu ya vijana wanne waliotoka chuo kikuu? Ubishi huo ndio ninaotaka tuutazame leo, kwani una funzo kwetu sisi tunaoishi kwa kupiga muziki wa wenzetu.

Bendi yenyewe inaitwa Vampire Weekend. Ilianza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Ezra Koenig aliimba na kupiga gita, Rostam Batmanglij alipiga kinanda, Chris Baio besi na Chris Tomson ngoma. Albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina la bendi, ilitoka Januari 2008 chini ya XL Recordings ya Uingereza, kampuni inayojitegemea, isiyo tawi la yale makampuni makubwa ya santuri. Ilikuwa na nyimbo 11, na zote kwa pamoja hazifikishi dakika 35.

Waliozoea roki ya gita linalonguruma walipigwa na butwaa. Hapa gita lilikuwa jembamba na safi, lenye kurukaruka kama la Kinshasa au la Johannesburg, huku fidla zikipita katikati kama muziki wa kale wa Ulaya. Wenyewe waliuita muziki wao "Upper West Side Soweto", yaani wakaunganisha mtaa wa New York ulio karibu na chuo chao na kitongoji cha watu weusi cha Afrika Kusini. Na wimbo mmoja wakauita "Cape Cod Kwassa Kwassa". Cape Cod ni pwani ya jimbo la Massachusetts, mahali ambapo Wamarekani wenye nafasi huenda kupumzika wakati wa kiangazi.

Hapo moto ukawaka. Wapo wahakiki waliofurahi. Pitchfork, wanaosomwa sana na wapenzi wa muziki wa aina hiyo, waliipa alama 8.8 kati ya 10. Jarida la Spin lilikuwa limewaweka kwenye jalada wakati albamu ndiyo kwanza inatoka. Wengine walikunja uso. Walisema hawa ni watoto wa chuo cha wenye fedha, wavaa mashati ya kola na viatu vya kwenda kwenye mashua, wanaochuma maua katika bustani ya Afrika na kuyapeleka kwenye karamu zao. Wasikilizaji nao wakagawanyika vivyo hivyo, lakini walionunua hawakuwa haba. Albamu ilifika nafasi ya 17 katika orodha ya Billboard ya Marekani na ya 15 Uingereza.

Lawama hiyo haikuwa ngeni. Paul Simon aliipata kwa albamu ya Graceland ya mwaka 1986. Yeye alikwenda Johannesburg mwaka 1985 na kurekodi na wanamuziki wa huko, wakati Umoja wa Mataifa umetaka Afrika Kusini ya ubaguzi isusiwe hata katika utamaduni. Kosa lake katika kususia linabishaniwa hadi leo. Lakini tumpe haki yake. Aliwalipa wapigaji mara tatu ya kiwango cha New York, na Ladysmith Black Mambazo na mpiga gita Ray Phiri walijulikana duniani kote.

Vijana wa Columbia hawakwenda Kinshasa wala hawakumwita mpiga gita yeyote wa Kongo. Walisikiliza, wakapenda, wakapiga wenyewe. Mimi siwalaumu kwa hilo. Na waliowalaumu kwa nasaba zao walikosea shabaha. Wazazi wa Batmanglij ni Wairani, na Koenig ni wa ukoo wa Kiyahudi. Mtu ukimhukumu kwa shati lake, utasahau kusikiliza gita lake.

Linalonikera ni jambo jingine. Ndani ya wimbo huo wenye jina la ngoma ya Kikongo, mwanamuziki anayetajwa ni Peter Gabriel, Mwingereza. Gabriel alistahili heshima, maana ni mmoja wa waanzilishi wa tamasha la WOMAD, lililowapa wanamuziki wengi wa Afrika jukwaa Ulaya. Lakini kwa kadiri nilivyofuatilia ubishi ule, watetezi na walaumu walimtaja yeye na Paul Simon kila mara. Diblo Dibala, aliyempigia Kanda Bongo Man solo katika albamu zake za mwanzo, hakupata hata mstari. Walikuwa wakigombania nyumba bila kumwuliza mwenyeji.

Sisi je, tuna usafi gani? Wakongo walichukua kutoka kwenye santuri za Kuba, wakatengeneza rumba yao. Bendi za Dar es Salaam na Nairobi zikachukua kwa Wakongo. Huo ni mwendo wa muziki, na anayetaka kuuzuia atazuia na mvua. Ila Remmy Ongala alipotoka Kongo na kuingia Dar es Salaam mwaka 1978, tulimjua kwa jina lake na tukamlilia kwa jina lake alipofariki mwaka 2010.

Nami nikiri kosa langu. Kwa miaka mingi nilirusha nyimbo hizo hewani, nikamtaja mwimbaji, kisha sebene ilipoanza nikaingia kutoa salamu za wasikilizaji juu ya solo ya mtu. Jina la mpigaji sikulitafuta. Fundi aliyejenga nyumba nzima nilimpita mlangoni kama mpita njia.

Vampire Weekend walisonga mbele, na albamu yao ya pili, mwaka 2010, ilishika namba moja Marekani. Hawahitaji tena utetezi wala lawama zetu. Wanaotuhitaji ni wale wa kwanza. Kuazima si dhambi, lakini mwazimaji muungwana hutaja alikoazima. Kuanzia wiki hii, katika kipindi changu, sebene itapigwa hadi mwisho, na mpiga solo atatajwa kwa jina. Nikisahau, nipigieni simu mnikumbushe.