Mshumaa Mbele ya Watoto: Chimbuko la Mihadhara ya Krismasi ya London

Mwanzoni mwa karne ya 19, elimu ya maada, yaani ya kila kitu chenye uzito na kinachochukua nafasi, haikuwa na mahali pa kudumu katika shule za Uingereza, ambako watoto wa matajiri walikaririshwa zaidi Kilatini na Kigiriki, na wale wa maskini, kama walisoma kabisa, walikomea kwenye kusoma, kuandika na hesabu. Desturi ya kuwaonyesha watoto jinsi kitu kilekile kinavyoweza kuwa yabisi, kimiminika au gesi ilikulia nje ya shule hizo, na miongoni mwa walioijenga ni watu wawili wasio na elimu ya chuo kikuu: mwanamke mmoja na mtoto wa mhunzi.

Mwanamke huyo, Jane Marcet, alihudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy katika Royal Institution, taasisi iliyoanzishwa London mwaka 1799, akabaini kwamba msikilizaji asiye na msingi hupitwa na mengi, ilhali akijadiliana na mwenzake na kurudia majaribio, mambo humkaa. Kwa hiyo kitabu chake cha kemia, kilichotoka mwaka 1805 bila jina lake, kiliandikwa kwa mtindo wa mazungumzo kati ya mwalimu, Mrs. B, na wanafunzi wawili wa kike, Caroline na Emily, ambao huuliza, hukosea na kubisha. Mchango huu haujathaminiwa inavyostahili, kwa maana kitabu hicho ndicho kilichomfikia Michael Faraday, yule mtoto wa mhunzi, aliyekuwa mwanagenzi katika karakana ya kujalidi vitabu, ambaye alizoea kusoma vilivyopita mikononi mwake na ambaye baadaye alikiri wazi deni lake kwa mwandishi huyo.

Faraday aliajiriwa na Royal Institution mwaka 1813, na kufikia mwaka 1823 alikuwa amefaulu kuigeuza klorini, ambayo kwa kawaida ni gesi, kuwa kimiminika kwa kuitia shinikizo. Mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana ilipoanza mwaka 1825, taasisi ilikuwa na mtu aliyejua kwa mikono yake kwamba gesi ni hali tu ya kitu. Mwenyewe alitoa misimu 19 ya mihadhara hiyo, na mashuhuri kuliko yote ni ile ya mshumaa, aliyoitoa mwaka 1848 na kuirudia katika msimu wake wa mwisho, ulioanza Desemba 1860.

Ubora wa mshumaa ni kwamba hali zote tatu hukutana humo kwa wakati mmoja. Joto la mwali huyeyusha nta iliyo karibu na utambi, lakini hewa inayopanda kutoka chini hupoza kingo, hivyo hufanyika kikombe cha nta ngumu kinachoshika nta iliyoyeyuka. Nta hiyo hupanda katika nyuzi za utambi kwa mvutano wa kapilari, yaani tabia ya kimiminika kujivuta katika nafasi nyembamba, kisha hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Ili watoto wasilipokee jambo hili kwa kuambiwa tu, Faraday aliuzima mshumaa taratibu, akasogeza moto kwenye mvuke uliokuwa ukipaa bila kuugusa utambi, na mwali ukakimbia hewani hadi kwenye utambi na kuuwasha tena. Aliweka pia ncha ya bomba la kioo katikati ya mwali, mahali penye giza, akauvuta mvuke na kuuwasha kwenye ncha ya pili.

Hakuishia kwenye nta. Juu ya mwali aliweka chombo chenye barafu na chumvi, tone la maji likajikusanya chini yake, na kutoka hapo akaingia katika hali za maji yenyewe: chupa za chuma zenye unene wa takriban theluthi ya inchi zilijazwa maji, zikafungwa na kugandishwa hadi zikapasuka, kwa sababu maji hutanuka yanapoganda.

William Crookes aliichapisha mihadhara hiyo ya mshumaa mwaka 1861. Desturi yenyewe iliendelea kila mwaka, isipokuwa ilipokatizwa na Vita Kuu ya Pili, na tangu 1966 imerushwa kwa televisheni. Hata hivyo ilichukua hadi mwaka 1994 kwa mwanamke, mwanasayansi wa ubongo Susan Greenfield, kupewa jukwaa hilo kwa mara ya kwanza.