Kuingia bila hodi: istilahi ya trespass katika Kiswahili

Neno mvamizi limekuwa jepesi mno vinywani mwetu. Mama aliyeokota kuni ndani ya msitu wa hifadhi anaitwa mvamizi. Familia iliyojenga kibanda kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajaonekana miaka mingi ni wavamizi. Majambazi waliovunja mlango wa duka usiku wakiwa na mapanga, nao ni wavamizi. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wameingia kwenye mahindi ya watu ni mvamizi pia. Sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza ina istilahi inayogusa karibu mambo yote hayo, trespass, na wafasiri wengi wakikutana nayo huandika uvamizi bila kusita. Naamini hapo ndipo tunapomhukumu mtu kabla hakimu hajafungua jalada.

Kuvamia ni kumwangukia mtu ghafla, kwa nguvu. Anayevamia amepania. Lakini katika mashauri ya madai kosa hili halimtaki mtu awe amekusudia ubaya, wala awe ametumia nguvu, wala awe ameharibu hata jani. Linatazama kama aliingia pasipo idhini ya anayeishika ardhi, na pasipo haki nyingine ya kisheria ya kuwapo pale. Aliyeamini kwa moyo safi kwamba shamba ni lake, kumbe limepita mpaka, naye amekosa. Na nimesema anayeishika ardhi kwa makusudi, kwa kuwa hati ya umiliki siyo inayolindwa hapa kwanza. Mpangaji aliyelipa kodi anaweza kumfungulia kesi mwenye nyumba anayejiingilia chumbani na ufunguo wa akiba. Hasara ikiwapo, fidia inaongezeka. Isipokuwapo, kosa bado limetendeka.

Mtetezi wa neno uvamizi anaweza kunijibu kwa historia, na jibu lake lina uzito. Istilahi yenyewe ya trespass ilitoka katika Kifaransa cha kale, ikiwa na maana ya kupita ng'ambo, kuvuka. Katika karne ya 13 mahakama za mfalme wa Uingereza zilipoanza kupokea mashauri ya aina hii, mlalamikaji alitakiwa kudai kwamba mwenzake alitenda kwa nguvu na silaha, akaivunja amani ya mfalme. Bila maneno hayo kesi haikufika mbele ya majaji wa mfalme. Ingebaki katika mabaraza ya mitaa. Kwa hiyo watu wakajifunza kuyaandika hata pasipokuwa na fimbo. Mwaka 1317 muuza divai alidaiwa kuwa alichota divai ya mnunuzi pipani na kujazia maji ya chumvi, na hati ya madai ikasema kwamba alifanya hivyo kwa panga, pinde na mishale. Kila mtu mahakamani alijua kuwa silaha hizo zilikuwa za wino. Baada ya muda Waingereza wenyewe waliacha kulitegemea sharti la nguvu, kosa likabaki na kiini chake: kuvuka bila ruhusa. Sisi tukilitafsiri leo kwa uvamizi, tunawarudishia washtakiwa wetu pinde na mishale ambayo sheria ilikwisha kuwaondolea.

Istilahi hii ina matawi matatu: mwili wa mtu, vitu vyake, na ardhi yake. Kumpiga mtu kofi, kuchukua baiskeli yake bila kumwomba na kukatiza shambani kwake ni ndugu wa ukoo mmoja katika sheria ya Kiingereza. Kiswahili hakiwaoni kama ndugu. Kwa mwili tunalo shambulio, kwa vitu tunasema kuchukua au kugusa mali ya mtu, na kwa ardhi kuna kuingilia. Sioni aibu yoyote katika hilo. Lugha haikosi utajiri kwa kuwa na majina matatu pale ambapo nyingine ina moja.

Nguvu ya tawi la ardhi ilionekana wazi katika shauri la John Entick. Novemba 1762 wajumbe wa mfalme waliingia nyumbani kwa mwandishi huyo wakiwa na hati ya waziri, Lord Halifax, wakapekua kwa saa nne wakitafuta maandishi ya uchochezi, wakaondoka na makaratasi yake. Entick aliwashtaki kwa kosa hilihili ambalo mkulima humshtakia jirani. Mwaka 1765 jaji Lord Camden aliamua kwamba waziri hakuwa na sheria yoyote iliyompa mamlaka ya kutoa hati ile. Na pasipo sheria, mjumbe wa serikali anayeingia nyumbani kwa mtu hana tofauti na mpita njia yeyote aliyekanyaga majani ya mwenzake. Hoja ile haijazeeka. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, inalinda maskani ya mtu, na askari anayetaka kupekua bado anadaiwa aonyeshe idhini yake imetoka wapi.

Kuna kesi nyingine ninayoipenda zaidi, ya mwaka 1610. Maseremala sita waliingia kwenye kilabu cha divai London, wakanywa, wakalipa. Wakaagiza tena divai na mkate, deni la peni nane, safari hii wakakataa kulipa. Mwenye kilabu akadai kuwa kwa kukataa huko wamekuwa waingiaji haramu tangu walipokanyaga kizingiti. Mahakama ikakataa. Waliingia kwa ruhusa ambayo sheria humpa kila mtu kuingia mahali pa namna ile. Kutolipa ni kutotenda, na kutotenda hakuwezi kugeuza hatua halali za awali kuwa haramu. Wana deni, basi. Hawakuvuka mpaka wa mtu.

Deni upande mmoja, kuvuka mpaka upande mwingine: mwanasheria ameyatenga. Msikilize sasa mwumini. Katika sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake, Injili ya Mathayo kwa Kigiriki hutumia neno la madeni. Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya Union Version imelifuata sawasawa, ikaandika deni. Wakatoliki wanasali kwa neno makosa. Luka naye, mahali pake, katika Union Version ana dhambi. William Tyndale, alipotafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, aliweka katika sala hiyo neno lile la sheria, la kuvuka mpaka. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1549 kikalishika, na mamilioni ya Waingereza wakakua wakimwomba Mungu msamaha kwa lugha ya mahakama ya ardhi. Bahati nzuri kwa Tyndale, aya mbili zinazofuata sala hiyo katika Mathayo zina neno la Kigiriki la kuteleza na kuanguka kando ya njia, nalo linakaribia alichosema.

Hakuna mkosaji kati ya watafsiri hawa. Anayesema deni anamwona mtenda dhambi kama mtu aliyebakiza kitu cha mwenzake mkononi. Anayesema kosa anatumia kitenzi ambacho kwetu pia ni kutolipata lengo: mshale umekosa, mgeni amekosea njia. Na picha ya kuvuka ipo kwetu vilevile, imelala ndani ya kitenzi kiuka, ambacho kwa asili ni kupita juu ya kitu, kuruka kizuizi, kabla hakijawa cha kuvunja sheria au ahadi. Kwa maana ya kimaadili, ukiukaji ndilo neno linalotembea karibu kabisa na mwenzake wa Kifaransa. Ninalitaka kwa mahubiri na kwa maadili. Kwa kesi ya shamba ni pana mno, kwa sababu kila kosa la sheria ni ukiukaji.

Turudi Afrika Mashariki, kwa kuwa huku kosa hili lina sura ambayo Uingereza yenyewe haikuwa nayo. Kule, mtu kuingia tu shambani kwa mwingine kwa kawaida lilikuwa jambo la madai, na vile vibao vya kutishia wapita njia kwa mashtaka ya jinai mara nyingi havikuwa na sheria nyuma yake. Kuingia kwa jinai kulitungwa India, katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1860, kukavuka bahari hadi kwetu pamoja na utawala. Kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinabeba roho ile: kuingia isivyo halali kwenye mali iliyo mikononi mwa mwingine kwa nia ya kutenda kosa, au kumtisha, kumtukana au kumuudhi aliyemo. Nia ndiyo inayogeuza madai kuwa jinai. Kifungu hichohicho kinamgusa aliyeingia kihalali kisha akang'ang'ania kubaki kwa nia hiyo. Kenya, kupitia sheria yake mahususi, Sura ya 294, imekaza zaidi: kuingia, kubaki, kujenga, kulima au kulisha mifugo katika ardhi binafsi bila ridhaa ya anayeikalia na bila sababu ya msingi kwatosha kuwa kosa. Kwa maskwota wa Pwani, waliozaliwa juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine, tofauti hiyo haina cha kinadharia hata kidogo.

Mahakama za Mwanzo za Tanzania, ambazo lugha yake ni Kiswahili, zina msemo wao: kuingia kwa jinai. Nauona ni msemo mzuri. Unasema tendo, unasema daraja la kosa, na haumpaki mtu rangi. Mahakama Kuu nayo, katika uamuzi ulioripotiwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1992, ilionya kuwa shtaka hili haliwezi kusimama pale umiliki wa ardhi unapogombaniwa na haujaamuliwa katika shauri la madai. Sasa fikiria hati ya mashtaka inayomwita mshtakiwa mvamizi wakati swali zima ni nani mwenye shamba. Neno limejibu swali ambalo mahakama imekatazwa kulijibu.

Kuna pendekezo la kuingilia, na kisarufi lina mvuto. Kauli ya kutendea inamleta mwathirika ndani ya kitenzi: anayeingia anaingia tu, anayeingilia anaingia katika cha mtu. Tahadhari yake ni moja, nayo si ndogo. Ukisema ameingilia shamba la Asha, hakuna shida. Ukisema amemwingilia Asha, umehamia kosa jingine kabisa, zito mno, na katika chumba cha mahakama kiambishi kimoja hakipaswi kubeba hatari hiyo. Kwa hiyo kwa ardhi mimi nasema kuingia bila idhini, kwa urefu wake.

Idhini ndiyo moyo wa jambo, na Waswahili walilijua hili kabla ya mawakili. Hodi ni ombi la kisheria. Mafundisho ya Kiislamu yanataka mtu asiingie nyumba isiyo yake mpaka aombe ruhusa na kuwasalimu waliomo. Akiomba mara tatu asijibiwe, arudi. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa kuzingatia daraja za idhini: wengi huishia dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, wachache hufika uani, na ndani kabisa ni kwa wa ndani. Karibu ya dakani si karibu ya chumbani. Idhini pia ina kikomo, ndiyo maana siku ya tatu mgeni hupewa jembe. Na idhini yaweza kuzaliwa na mila: Unguja na Pemba mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi chini yake ya mwingine, hivyo anayekwenda kuangua nazi zake kwenye shamba la mwenzake anapita kwa haki. Kumwita mvamizi ni kumtukana.

Pale sheria na maadili vinapoachana kabisa ni kwenye muda. Kenya na Tanzania zote mbili zina ukomo wa miaka 12 wa kudai ardhi. Aliyeikalia waziwazi, mfululizo, bila ridhaa ya mwenyewe, kwa kipindi hicho, anaweza kuiomba mahakama imtambue, ingawa masharti ni makali na wengi hushindwa. Hadithi ya Mtume kuhusu anayepora shubiri moja ya ardhi, kwamba atavishwa shingoni ardhi saba, haina ukomo wa miaka. Sheria ina sababu zake: mashahidi hufa, mipaka husahaulika, na ardhi isiyodaiwa haiwezi kusubiri milele. Lakini dhuluma haitoki kwenye kitabu kwa kuwa faili limefungwa.

Tangu marekebisho ya Februari 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, karani na wakili hawana tena kisingizio cha kuazima maneno ya magazeti. Hati ya madai iseme kwamba mdaiwa aliingia katika shamba la mdai bila idhini yake, siku fulani, akalima eneo fulani. Ikiwa alikuja na mapanga, mapanga hayo yaandikwe, yaletewe ushahidi, na hapo neno uvamizi litumike kwa uzito wake wote.