Kipachiko au zana ya kukokotwa? Istilahi ya reki ya mabwawa ya samaki

Kifaransa cha ufundi wa kilimo kina maneno mawili ambayo mtu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, aliyepitia shule ya kilimo anayajua: outil porté na outil traîné. Zana ya kwanza hubebwa na mashine. Ikiinuliwa, uzito wake wote huwa juu ya trekta. Ya pili hufuata nyuma na hugusa ardhi au maji kwa uzito wake yenyewe. Katikati yao ipo outil semi-porté, ambayo upande mmoja huinuliwa na upande wa pili huenda kwa gurudumu. Sisi kwa Kiswahili tumezoea kuzibana zote tatu ndani ya neno moja, kiambatisho, na neno hilo lenyewe lilishachukuliwa na watu wa ofisi. Ukimwambia karani akuletee kiambatisho, atakuletea karatasi iliyobanwa nyuma ya barua.

Mwalimu darasani anaweza kuvumilia upungufu huo. Mtu mwenye bwawa la samaki Masisi au Walikale, ambaye magugu yamemfunikia maji na anataka fundi amtengenezee reki ya kuyavuta kwa mashine, hawezi. Akiagiza kiambatisho, fundi atamuuliza: nakiambatisha na nini? Swali hilo ndilo lingepaswa kujibiwa na istilahi yenyewe.

Tuanze na bwawa. Mabwawa ya huku huchimbwa kwa jembe na sepetu katika mabonde yenye kijito, na ukubwa wake huhesabiwa kwa ari: ari moja, mbili, tatu, kila moja mita 100 za mraba. Maji huingia kwa mfereji mdogo upande wa juu na kutokea upande wa chini. Sehemu ya juu hupaswa kuwa na kina cha sentimita 60 hivi, na ya chini mita moja au zaidi kidogo. Kina kikipungua, kwa sababu tope limejaa au kingo zimeporomoka, mwanga wa jua unafika chini na magugu yanaota kutoka kwenye udongo. Juu ya maji huja mengine: azola, mimea mingine midogo inayoelea, na pale yanapofika, gugu maji lenyewe lenye ua la zambarau.

Ubaya wa magugu hauko katika sura yake. Mimea inayoelea huzuia mwanga usiwafikie mwani wadogo wanaoyapa maji rangi ya kijani, na hao ndio chakula cha kwanza cha tilapia. Usiku mimea yote huvuta oksijeni kutoka majini, kwa hiyo kabla ya mapambazuko utaona samaki wakipanda juu na kuachama midomo. Ukiamua kuyakata yote kwa siku moja na kuyaacha yaoze humohumo, umeongeza hatari, maana kuoza nako kunakula oksijeni. Yapaswa kutolewa nje, na kwa awamu.

Masisi na Walikale hazina tatizo lilelile, ingawa ni majirani. Masisi ya juu, yenye malisho ya ng'ombe na vilima vinavyopita mita 2,000, ina maji ya baridi. Samaki hukua polepole, bwawa hukaa muda mrefu bila kukaushwa, na mimea yenye mizizi inapata nafasi ya kujikita. Walikale iko chini, msituni, mji wake ukiwa chini ya mita 1,000. Huko joto linaifanya mimea inayoelea izaliane haraka mno. Gugu maji likipata maji ya joto yenye rutuba linaweza kujiongeza maradufu kwa wiki mbili hivi. Kwa hiyo reki ya Masisi inahitaji kufika chini, na ya Walikale inahitaji kuelea. Nitalirudia jambo hili kwenye ujenzi wake.

Kwa nini basi isitumike mashine yenye zana ya kubebwa, kama inavyofanyika kwingine? Mwaka 1926 Harry Ferguson, mhandisi mzaliwa wa Ireland, alipata hataza ya mfumo wa kuunganisha plau na trekta uliokuja kuwa fungo la nukta tatu. Tangu hapo zana na trekta vikawa mwili mmoja: dereva anainua, anashusha, uzito wa plau unasaidia magurudumu kushika ardhi. Ni uvumbuzi mkubwa, na trekta nyingi duniani leo zina fungo hilo. Lakini unadai mashine ifike karibu na kazi. Tuta la bwawa letu limeshindiliwa kwa miguu na kwa gogo, na juu yake upana ni hatua moja au mbili. Trekta ikipanda hapo, tuta linaanguka na maji yote yanakwenda bondeni. Hapo sijasema lolote juu ya barabara ya kuifikisha trekta hiyo Walikale wakati wa mvua.

Zana ya kukokotwa haina sharti hilo. Inahitaji kamba tu, na kamba inaweza kuwa ndefu kadiri utakavyo. Historia ya Afrika Mashariki ina mfano wake mkubwa, japo wa nchi kavu. Katika mpango wa karanga wa Tanganyika, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, Waingereza walitaka kufyeka pori la Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa mashine. Walileta hata matrekta yaliyotengenezwa na kampuni ya Vickers kwa kutumia sehemu za vifaru vya kivita vya Sherman. Mpango ulishindwa vibaya, lakini mbinu moja iliyotumika ilikuwa na akili: mnyororo mzito wa nanga ya meli ulifungwa kati ya mashine mbili zikienda sambamba, na mnyororo ukawa unalaza miti katikati yao. Mbinu hiyohiyo hutumika katika mifereji ya umwagiliaji ya nchi nyingi. Mnyororo hulazwa chini ya maji, ukavutwa kutoka kingo zote mbili, na magugu yenye mizizi yang'olewa bila mashine yoyote kuingia majini. Kwenye bwawa la ari mbili, watu wanne na mnyororo wa mita chache wanaweza kuifanya kazi hiyo.

Reki ni hatua ya mbele ya mnyororo, kwa sababu mnyororo unang'oa tu lakini reki inakusanya. Inavyotengenezwa ni hivi. Chukua bomba la chuma la urefu wa mita moja na robo. Likizidi hapo halibebeki na mtu mmoja. Kata nondo za milimita 12 katika vipande vya sentimita 25, uzichomelee kwenye bomba kwa nafasi ya sentimita nane hadi kumi. Usiziweke wima. Ncha zake zielekee mbele kidogo, upande wa kamba, ili magugu yakishikwa yasiteleze chini. Kila mwisho wa bomba chomelea chuma bapa kilichokunjwa, kitakachokuwa mguu wa kutelezea. Miguu hii ndiyo inayosahauliwa, na bila hiyo meno yanachimba sakafu ya bwawa, yanatoboa ule udongo wa mfinyanzi ulioziba chini, na bwawa linaanza kuvuja. Meno yapite miguu kwa sentimita tatu au nne tu.

Hiyo ni reki ya Masisi. Kwa Walikale, funga bidoni mbili tupu za lita tano juu ya bomba, moja kila upande, na meno yaelekee chini. Sasa inaelea na kufagia juu ya maji. Reki ni ileile na bidoni hufunguliwa, jambo linalofaa kwa jirani wawili wanaoazimana.

Kamba mbili hutoka kwenye ncha za bomba na kukutana mbele katika pete moja, zikifanya pembetatu. Kutoka kwenye pete ndiyo kamba kuu. Kamba nyingine nyembamba hufungwa nyuma, ya kuirudisha reki tupu ng'ambo ya pili. Mtu mmoja anakaa upande ule, na kazi yake yote ni kuivuta irudi na kuitupa mahali papya.

Nguvu itoke wapi? Watu wa kwanza kufikiriwa ni wenye pikipiki, na kweli inawezekana: gurudumu la nyuma linainuliwa, ngoma ndogo ya chuma inafungwa kwenye rimu, kamba inajizungusha. Mimi siipendi njia hii kwa bwawa dogo. Hata katika gia ya kwanza, gurudumu huzunguka mara hamsini au zaidi kwa dakika. Ngoma ya kipenyo cha sentimita 20 itavuta zaidi ya mita thelathini kwa dakika, na reki iendayo kasi hivyo inayaruka magugu. Tena mkono au shati likinaswa kwenye kamba, hakuna muda wa kuzima. Mashine ya motopompu, ambayo wachimbaji wa madini wa huku wanaijua sana, inahitaji kupunguziwa mizunguko zaidi, na mikanda ya kupunguza ni gharama nyingine.

Ipo mashine ya zamani kuliko zote hizo, na mabaharia wa pwani yetu waliipa jina zuri: duara. Ni gogo lililosimamishwa, linalozungushwa kwa mitaimbo ili kamba ya nanga ijivingirishe juu yake. Gogo la kipenyo cha sentimita 20 na mtaimbo wa mita moja hukupa nguvu mara kumi. Watu wawili wakisukuma kila mmoja kwa nguvu ya kilo 15, kamba inavuta kwa nguvu ya kilo 300 hivi, ukitoa kinachopotea kwa msuguano. Haihitaji mafuta, huenda polepole kama kazi inavyotaka, na ikizidiwa inasimama. Miti ya kuitengeneza imejaa Masisi na Walikale, na mafundi wanaoweza kuchonga chukudu nzima, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, gurudumu na yote, hawatashindwa na gogo la kusimama.

Sasa istilahi yenyewe. Kwa zana inayobebwa na mashine napendekeza kipachiko, kutoka pachika, kwa kuwa kupachika ni kukitia kitu mahali pake kikashikwa, na ndivyo plau inavyoshikwa na fungo la nukta tatu. Kwa zana inayovutwa, mantiki ingetaka kikokotwa. Hapo kuna tatizo. Kiswahili kina kikokotoo, mashine ya kufanyia hesabu, kutoka kokotoa, na sikio la msomaji wa haraka litayachanganya. Afadhali maneno mawili, zana ya kukokotwa. Yana faida kwamba wakulima wa Tanzania wanaotumia wanyama kazi wanayajua, na kwamba kauli ya kutendwa inatoa jibu la swali la fundi: hii haikokoti, inakokotwa, nguvu iko kwingine, katika duara, katika mikono ya watu au katika mashine iliyosimama nchi kavu. Anayeandika reki ya kukokota amelifuta jibu hilo kwa herufi moja.

Tahadhari moja kwa wafasiri. Si kila neno la mabwawa lifasiriwe. Kile kijengo cha kutolea maji chenye mbao za kupangwa Kifaransa hukiita moine, yaani mtawa. Masisi ina monasteri ya Watrapisti kando ya maziwa ya Mokoto, iliyoanzishwa 1954, na watu wanajua mtawa ni nani. Kuandika kwamba maji yatolewe kupitia kwa mtawa ni kumkosea msomaji. Mlango wa maji unatosha.

Wapo watakaosema kwamba katika wilaya zilizopitiwa na vita kiasi hiki, kubishana juu ya jina la reki ni anasa. Januari 2025 vita vilipita Sake na kuingia Goma. Machi vilifika Walikale mjini. Aliyekimbia na kurudi baada ya miezi anakuta tuta lipo, mfereji upo, na maji hayaonekani kwa magugu. Bwawa hilo haliwezi kungoja mradi wala trekta. Mwenyewe anahitaji kitu cha kutengenezwa na fundi wa karibu, kinachobebeka kwenye chukudu au mgongoni kwa ukanda wa paji la uso, na maelezo ambayo fundi huyo atayaelewa mara moja. Maelezo hayo kwa Kifaransa anaweza kuyapata. Kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, anastahili kuyapata yakiwa sahihi vilevile.

Bado kipande kimoja cha reki sijakipa jina. Kati ya pete na kamba kuu pawekwe kipande kifupi cha kamba dhaifu kuliko zote, ya mkonge, ya milimita sita. Reki ikinasa kisiki chini ya maji, hicho ndicho kikatike, karibu na reki, mbali na watu wa kwenye duara. Kamba kuu ya nailoni ikikatika wakati imekazwa, inarudi kwa kasi ya kuvunja mfupa, ndiyo maana hakuna anayeruhusiwa kusimama kwenye mstari wake. Kipande hicho kiitwe kamba ya kukatika, na kwenye mchoro wa fundi kiandikwe kwa jina hilo, pamoja na unene wake, ili asije mtu mwenye nia njema akakibadilisha kwa kilicho imara zaidi.