Oili Iliyokuwa Ikikimbia Kona

Ukitoka stesheni ya Gare du Nord, ambayo Waflemi huiita Noordstation, ukashika njia ya kuelekea mfereji wa Brussels, haichukui muda mrefu kwa miguu kabla hujafika kwenye jengo kubwa la vioo katika uwanja wa Yser. Kampuni ya Citroën ililijenga kati ya 1933 na 1934. Mbele palikuwa na ukumbi wa kuonyeshea magari mapya, wenye kimo cha mita 21, na nyuma yake gereji pana iliyosifiwa siku zile kuwa kubwa kuliko zote Ulaya. Mteja alinunua gari upande wa mbele, kisha akarudi mara kwa mara upande wa nyuma kubadilisha oili. Alirudi mara nyingi kuliko tunavyorudi leo, maana oili ya wakati ule haikuwa na dawa za kuondoa masizi, nayo ilichakaa upesi.

Mtaa huo ulikuwa umezoea oili kabla ya magari kufika. Reli ya kwanza ya Ubelgiji, iliyofunguliwa Mei 1835 kwenda Mechelen, ilianzia Allée Verte, upande huo huo wa kaskazini mwa mji. Katika zama za mvuke kila ncha ya ekseli ilikuwa na kisanduku chake chenye nyuzi zilizolowa oili, na mafundi walipita kando ya mabehewa wakivigusa kwa mkono. Kisanduku chenye joto kali kilimaanisha beringi inaungua. Kazi ilikuwa chafu, lakini haikuwa na fumbo: garimoshi hupinda taratibu, na oili hukaa pale ilipowekwa.

Gari la barabarani nalo halikuwa na shida kubwa. Chini ya injini kuna bakuli, yaani sampu. Pampu hunyonya oili kupitia mrija uliozama ndani ya sampu, huisukuma hadi kwenye beringi za krankshafti, kisha oili hudondoka yenyewe na kurudi chini. Mwezi Mei 1949 Jaguar XK120 yenye mpango huo wa kawaida ilikimbizwa kwenye barabara kuu ya Jabbeke, magharibi mwa Ubelgiji, ikapita kilomita 213 kwa saa. Barabara ilikuwa imenyooka, na oili ilitulia kwenye bakuli lake.

Tatizo liko kwenye kona. Gari likikata kona kwa nguvu ya pembeni iliyo sawa na uzito wake lenyewe, uso wa oili ndani ya sampu huinama digrii 45. Hata kwa nusu ya nguvu hiyo huinama karibu digrii 27. Oili yote hupanda ukuta mmoja, mrija hubaki mtupu, na pampu huanza kunyonya hewa. Utando wa oili unaotenganisha krankshafti na beringi ni mwembamba kuliko unywele. Ukikatika wakati injini iko kwenye mizunguko ya juu, chuma hugusana na chuma, beringi huyeyuka, na injini imenoki. Dereva mwenyewe huenda asijue mpaka asikie injini ikigonga, kwa sababu akitoka kwenye kona oili hurudi mahali pake na taa nyekundu ya presha ya oili huzimika.

Ubelgiji ilikuwa na kiwanja kilichofichua udhaifu huo kuliko vingi. Njia ya zamani ya Spa-Francorchamps, iliyopita vijijini kwa zaidi ya kilomita 14 hadi ilipofupishwa 1979, ilikuwa na kona za kasi kama Burnenville, ambamo gari liliegemea upande mmoja kwa muda mrefu. Mbio za saa 24 zilianza hapo 1924. Kona fupi injini huivumilia kwa oili iliyokwisha ingia kwenye mirija. Kona ndefu haina huruma.

Dawa za awali zilihusu oili yenyewe. Marubani wa Vita Kuu ya Kwanza waliruka kwa injini za mzunguko zilizotumia mafuta ya nyonyo, mmea ambao asili yake ni Afrika Mashariki na unaojiotea kando ya njia zetu nyingi. Mafuta hayo hayachanganyiki kwa urahisi na petroli, na hung'ang'ania chuma hata kwenye joto kali. Madereva wa mashindano waliyapenda kwa sababu hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba huacha gundi ndani ya injini, kwa hiyo fundi alilazimika kuifungua na kuisafisha kila mara. Na hata oili bora kuliko zote haisaidii kitu ikiwa haifiki kwenye mrija.

Ndipo sampu kavu ikapata thamani. Oili haiachwi tena ikae chini ya injini. Pampu moja au zaidi huikomba mara inapodondoka na kuipeleka kwenye tangi la pembeni, jembamba na refu, ambamo hewa hutoka na oili hutulia. Kutoka chini ya tangi hilo pampu nyingine huisukuma kwenye beringi. Gari liiname litakavyo, mdomo wa kunyonyea umezama. Faida ya pili ilikuwa kubwa vilevile: bakuli la chini likiwa la kina kifupi, injini nzima hushuka, na gari hupata utulivu.

Jaguar ilitumia mpango huo kwenye D-Type ya 1954, gari lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, miaka mitatu mfululizo, 1955 hadi 1957. Katika ushindi huo wa mwisho, nafasi ya nne ilichukuliwa na D-Type ya timu ya taifa ya Ubelgiji, ikiendeshwa na Paul Frère na Freddy Rousselle. Frère alikuwa mwandishi wa magari aliyeandika kwa ufundi na kuendesha kwa ufundi. Mwaka 1960 alishinda Le Mans kwa Ferrari pamoja na Olivier Gendebien, mzaliwa wa Brussels. Miaka miwili baadaye Ferrari 250 GTO, nayo ya sampu kavu, iliwapa Wabelgiji wengine wawili nafasi ya tatu kwenye mbio hizo hizo. Vitabu vya mashindano hukumbuka nguvu za farasi na ujasiri wa madereva. Mirija ya oili haitajwi, na huo ni upungufu, kwa sababu mshindi wa mbio za saa 24 ni injini iliyofika mwisho.

Gari lililoleta ufundi huu kwa mnunuzi wa kawaida ni Porsche 911, iliyotoka kiwandani na sampu kavu tangu 1964. Mwenye 911 ya zamani hupima oili injini ikiwa ya moto na inanguruma, kinyume na tulivyozoea, maana injini ikizimwa sehemu ya oili huondoka kwenye tangi. Kwenye magari ya 1972 Porsche ililihamisha tangi mbele ya gurudumu la nyuma la kulia na kuweka kifuniko cha kujazia nje ya bodi. Baadhi ya wahudumu wa vituo wakamimina petroli humo. Mwaka uliofuata tangi likarudishwa mahali pake pa zamani. Afrika Mashariki iliijua 911 kwenye Safari Rally: Björn Waldegård alimaliza wa pili 1974, na Vic Preston Jr wa Kenya akapata nafasi hiyo hiyo 1978.

Si kila mtu ana fedha za sampu kavu. Kwa gari la mtaani linaloingia uwanjani siku za mapumziko, mafundi huanza na vibao vinavyochomelewa ndani ya sampu, vingine vikiwa na vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, ili oili iingie kwenye mrija lakini isikimbie. Hufuata sampu pana zaidi na kipoza oili, kwa kuwa oili yenye joto kupita kiasi huwa nyepesi mno. Wengine huongeza mtungi wenye hewa iliyoshindiliwa upande mmoja na oili upande wa pili: presha ikishuka kwenye kona, mtungi husukuma oili yake kwenye injini kwa sekunde chache, kisha hujaa tena gari linaponyooka. Subaru za turbo, zinazopendwa sana na vijana wa Nairobi, hufungwa vifaa vya aina hii zikiandaliwa kwa mashindano, pamoja na mrija imara zaidi wa kunyonyea, kwa sababu ule wa kiwandani umejulikana kupasuka.