Tarehe moja, wenyewe watatu

Sikukuu ya Saba Saba imebadilisha wenyewe mara kadhaa bila kubadilisha tarehe. Iliingia kwenye kalenda kwa sababu 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa hapa Dar es Salaam. Baadaye ikawa ya wakulima, mpaka nao walipohamishiwa Nane Nane. Leo mtoto wa Kimara akiisikia anawaza vibanda vya maonyesho Barabara ya Kilwa kule Temeke, na foleni ya kurudi nyumbani.

Siku za mapumziko huja na mwenye nchi. Wajerumani walisherehekea 27 Januari, siku aliyozaliwa Kaiser Wilhelm II. Waingereza wakaleta Siku ya Himaya, 24 Mei, wanafunzi wakipangwa mistari mbele ya bendera ya watu wengine. Zote zimeondoka na wenyewe. Ikaja 9 Desemba: Uhuru mwaka 1961, Jamhuri mwaka uliofuata. Mwaka 1964 ulituachia mbili kwa mpigo, Mapinduzi 12 Januari na Muungano 26 Aprili. Hata 5 Februari, siku ya kuzaliwa CCM, ilikuwa ya taifa zima. Vyama vingi viliporudi haikuwa na pa kukaa, ikabaki sherehe ya chama chenyewe.

Viongozi tunawakumbuka kwa siku walizoondoka: Karume 7 Aprili, alipouawa mwaka 1972, na Nyerere 14 Oktoba, alipofariki London mwaka 1999. Thailand nao hupumzika 13 Oktoba kwa ajili ya Mfalme Bhumibol, aliyefariki 2016, ila wao hupumzika pia siku ya kuzaliwa ya mfalme aliyeko. Huko, nashukuru, sisi hatujafika.

Sherehe zenyewe zimeanza kupigiwa hesabu. Mwaka 2015, kipindupindu kikiwa kimetanda, Rais Magufuli alifuta gwaride la Uhuru, watu wakashika mafagio, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Mwaka 2022 Rais Samia naye akazielekeza fedha za sherehe kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu.

Sikukuu za dini hazina bajeti ya kufutwa. Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na kesho yake. Upande wa pili Idd mbili na Maulidi. Kasheshe ni mwezi. Usiku wa kuamkia Idd el Fitr, fundi cherehani bado anapiga pasi kanzu za watu, mama ameshaloweka mchele wa pilau, na kila simu inauliza jambo moja: Mufti ametangaza? Jirani anayefuata mwandamo wa Makka huenda ameshaswali Idd yake, na pilau lake tumeshakula.

Halafu kuna sikukuu ambayo haijapata kuandikwa kwenye Gazeti la Serikali. Krismasi ikikaribia, Wachaga wa Kimara hufunga maduka na kwenda Kilimanjaro “kuhesabiwa”, kama utani wa mjini unavyosema. Zamani safari ilianzia Ubungo. Tangu 2021 ni Stendi ya Magufuli, Mbezi. Ukihitaji msumari au mfuko wa saruji siku hizo, subiri Januari.